Ncha Chini, Mama Mukubwa

Munigi, Goma
Jumanne, tarehe 14 mwezi wa kumi, 2025

Kwa Léonie, kambi ya Kyangwali, Uganda

Mpendwa mudogo wangu Léonie, mama Charline,

Nakusalimia sana katika jina la Bwana wetu. Habari ya huko kambini? Kile kikohozi kilichokukamata mwezi wa nane kimekuacha? Na mugongo wa Papa Charline, anaweza kuinama sasa, ama bado anawalimia watu akiwa amejishika kiuno? Mahindi yenu nyuma ya nyumba yamepata mvua? Natamani unijibu hayo yote, hata kama mbele ya barua hii kuisha hutakuwa na hamu ya kunijibu.

Huku ningeandika kwamba tuko salama, kama kila mutu anavyoandika. Lakini najua umekwisha kuona maandiko haya. Barua zote ulizopata kutoka kwangu, Charline ndiye aliyeziandika. Mimi nilikuwa nasema, yeye anaandika, na ananigombeza kwamba nasema mbio. Leo mukono ni wangu. Mimi niliachia masomo mwaka wa pili, unajua, basi nisamehe herufi zinazopanda na kushuka.

Kama umesimama, Léonie, kaa kwanza.

Charline anapumua. Anakula uji tukimulisha, na macho yake yako wazi. Lakini yuko hospitali, leo ni siku kumi na moja zimepita, na hasemi. Hata neno moja. Namuita, anaangalia ukuta. Sijui kama hanisikii ama ananisikia na hataki. Waganga wanasema hewa ilikosa kichwani kwa muda, tungojee. Tungojee mpaka wakati gani, hawasemi.

Na mimi nilikudanganya. Ile Jumapili ya tarehe tano ulipopiga kwa simu ya jirani yako, ukauliza, «Musichana wangu yuko wapi?» nikasema ameenda kwa kanisa, kwaya. Ukacheka, ukasema, «Yule? Kuimba? Na ile sauti yake ya bata?» Nami nikacheka pamoja nawe. Nilikuwa nimekaa chini kwenye saruji ya hospitali, mutoto wako nyuma ya mulango ana bomba puani, na nikacheka. Jumapili hii iliyopita niliona namba inaita, nikaitazama tu mpaka ikanyamaza. Mahoro wangu aliona. Aliniangalia kwa jicho ambalo mutoto hafai kumuangalia nalo mama yake, na sikuweza kumukemea.

Kwa mudomo siwezi. Ndiyo maana naandika. Papa Télesphore, yule anayepitisha vitambaa vya vikwembe kwa mupaka wa Bunagana, anaondoka Alhamisi na ameniahidi atafika kambini Posho, mbele ya Jumapili, atakupa barua hii mukononi mwako yeye mwenyewe. Nilimwambia asikueleze kitu. Nataka ukisikie kwangu.

Yote yametokea kwa mayai.

Unajua kuku wangu walizidi mwaka huu. Walikuwa wanataga vizuri, lakini tangu mambo ya vita ya mwezi wa kwanza yale, wanunuzi hawaji tena kila siku. Wanakuja mara moja kwa juma, mara nyingine hawaji kabisa. Mayai yanakaa. Umeme haupo, na hata ukiwako mimi sina frigo ya kuyaweka baridi. Nyumba yetu ni mbao na mabati ya manjanja, jua likipiga juu ya yale manjanja ndani inakuwa kama chungu juu ya moto. Nilikuwa naweka mayai chini ya kitanda, naweka ndani ya ndoo, nafunika na kitambaa cha maji. Yanaharibika tu.

Mwezi wa tano nilimuuzishia Mama Kasoki mayai kumi. Yule mama Munande mwenye kibanda cha chapati kando ya lami, nilikuambia habari zake, ule mutu mukubwa mwenye sauti. Kesho yake akaja ameshika bakuli mbele yake kama mutu anayeleta sadaka. «Mama Mahoro! Mimi niliomba yai, wewe umeniuzishia kuku muzima! Tazama, ana mpaka macho! Sasa nikuongeze bei ya nyama?» Watu wote wa barabara wakacheka. Charline alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilitaka udongo unifunike.

Ile siku ndipo Charline alishika kazi ya mayai. Alisema, Mama Mukubwa, wewe unayaosha, ndiyo maana. Mimi nilikuwa nayaosha kila yai kwa maji na sabuni, kwa sababu ya uchafu na ile vumbi nyeusi yetu, nikifikiri yai likingʼaa linapendeza. Kumbe yai likioshwa linapoteza ngozi yake ndogo inayolichunga. Mwalimu wao aliwafundisha. Akanikataza. Likiwa chafu tunapangusa na kitambaa kikavu, basi. Lililopasuka tunakula siku ileile. Akatafuta kikapu, akajaza pumba kavu, akapanga mayai ndani yake yakisimama, ncha ikiangalia chini. Na juu ya kila yai akaandika siku na kreyo yake ya masomo, ili la zamani litoke kwanza. Ukimuletea yai la mashaka, analitia ndani ya maji: likilala chini ni zuri, likielea anakwenda kulitupa mbali yeye mwenyewe.

Nikikosea kupanga alikuwa anapiga kelele kutoka hata nje. «Ncha chini, Mama Mukubwa! Ncha chini!» Aliniambia kwamba upande ule munene wa yai kuna kachumba kadogo ka hewa, na ukiliweka vibaya ile hewa inasukumwa. Mutoto wa miaka kumi na moja ananifundisha mimi niliyekula mayai miaka makumi manne na saba. Nilikuwa nasikia raha sana, Léonie. Nilikuwa nasema moyoni, huyu mutoto dada yangu alinipa nimuchungie, kumbe yeye ndiye ananichunga.

Lakini joto lilikuwa lilelile. Ndipo nilikuuliza kwa simu, nawe ukanikumbusha namna mama wetu alivyokuwa anaweka mayai Rutshuru, ndani ya shimo nyuma ya jikoni, yanakaa majuma matatu bila kuoza. Ukasema, tafuta mahali penye baridi chini.

Nakuomba usijishike na neno hilo. Najua ukifika hapa utajishika. Wewe ulisema kwa wema, na wewe ulijua Rutshuru. Kule ni udongo mutupu, mweusi, muzuri. Hapa ni jiwe. Wakati volkano ilipotoka mwaka wa 2021, wewe ulikuwa umekwisha kuondoka, hukuona namna moto ule ulivyopita nyuma yetu na kuganda. Nyuma ya choo kuna mahali jiwe lilibaki wazi ndani, kama tumbo la chungu. Mutu mukubwa akisimama ndani, kichwa na mabega vinaonekana nje. Ni baridi kweli. Tuliweka kikapu cha Charline pale mwezi wa sita, na mayai yakakaa majuma matatu, mazuri, hata Mama Kasoki akarudi kununua. Alikuwa anapasua moja mbele yangu kila mara, ananusa, ananitazama, anasema, «Leo hayana macho.»

Sasa usiseme dada yangu hakujua mazuku. Nilijua. Nani hapa hajui? Ile hewa mubaya inatoka kwenye nyufa, haina rangi, haina harufu, inalala mahali pa chini kama maji. Asubuhi unakuta mbuzi amelala kwenye bonde kama amesinzia, kumbe amekwisha. Nilijua, na ndiyo maana tulikuwa na sheria. Mushumaa ndani ya kopo la tomati, kamba, tunaushusha kwanza mpaka chini. Ukiwaka, tunashuka. Ukizimika, hatushuki. Mwezi wa sita, wa saba, wa nane, wa tisa, kila asubuhi mushumaa uliwaka. Haukuzimika hata siku moja. Nikauzoea. Nikaanza kuona kama ni muchezo wa Charline, kama yale maandiko yake ya kreyo.

Tarehe tatu, siku ya Ijumaa, mvua ilikuwa imenyesha tangu jana yake magharibi. Asubuhi haikuwako upepo hata kidogo, mawingu yamekaa chini. Charline alikuwa amekwisha kuvaa nguo ya masomo. Mama Kasoki akaja mbio, amevaa kikwembe kipya na viatu vya kisigino cha juu, anaenda kwa ndoa ya mutoto wa kaka yake, anataka mayai ya kupikia wageni, na gari linamungoja. Akawa anapiga makofi mulangoni. «Haraka, Mama Mahoro, haraka, bibi arusi atazeeka!»

Nikamutuma Charline. Akarudi na kopo mukononi. Akasema, «Mama Mukubwa, kiberiti kimelowa. Mushumaa haukubali.»

Léonie, hili ndilo neno ninalolibeba. Yeye aliniuliza. Mutoto alisimama mbele yangu na kopo, akaniuliza, na mimi nikajibu, «Acha hiyo. Tunashuka pale tangu mwezi wa sita. Shuka mbio, utoke.»

Aliniangalia kidogo, akaweka kopo chini polepole, akaenda.

Nilisikia kikapu kinaanguka. Sikusikia kilio. Kikapu tu, na mayai.

Nilikimbia. Nilimuona amelala chini upande mumoja, miguu imekunjwa, kama vile analala kitandani kwake. Nikaweka muguu wangu ndani, na Aubin, kijana jirani anayebeba mizigo kwa chukudu yake ya mbao ya magurudumu mawili, akanivuta kwa kikwembe changu mpaka nikaanguka chali. Akapiga kelele, «Mama, utalala pale pamoja naye! Tutatoa maiti mbili!» Alivuta pumzi, akajaza kifua, akaziba pua, akaingia. Akatoka bila kitu. Akavuta tena. Mara ya pili ndipo alimuinua, Mama Kasoki akamushika mikono kutoka juu, tukavuta. Uso wake ulikuwa rangi ya majivu, midomo imekuwa kama ya mutu aliyekula matunda meusi. Nilimuita jina lake na lile jina unalomuita wewe peke yako. Hakuna.

Hatukungoja pikipiki. Aubin alimulaza juu ya chukudu, akamuambia Mama Kasoki, «Panda nyuma, shika kichwa!» Na ule mama, na viatu vyake vya juu na nguo zake za ndoa, akapanda, akamukumbatia, wakashuka muteremko wote wa Munigi mpaka lami, anawapigia watu kelele waondoke njiani. Mimi nilikimbia nyuma bila viatu juu ya yale mawe. Njiani tukaona kifua chake kinapanda. Kidogo. Aubin aliona wa kwanza.

Kwa ndoa Mama Kasoki hakufika. Tangu siku ile anatuletea chakula hospitali kila siku saa sita, na hajanilaumu hata mara moja. Afadhali angenilaumu.

Siku ya nne Charline alifungua macho. Nilipiga magoti pale pale. Nilifikiri imekwisha, atasema sasa, atanigombeza. Lakini tangu hapo ni ukuta tu. Ukimukalisha anakaa. Ukimulaza analala. Mukono ukiuinua unabaki pale ulipouweka. Mahoro anamusomea kaye yake, ile daftari ya masomo, anamusuka nywele, anamuambia habari za wenzake. Mimi namuimbia. Muganga mumoja, mwanamuke mupole, alisema tumuletee vitu anavyovijua na sauti anazozijua. Nikamuletea nguo yake ya kanisa, nikamuletea kile kisahani chake cha bluu. Hakuangalia.

Shimo Aubin amekwisha kuliziba kwa mawe. Mbele ya kuliziba alingoja siku mbili upepo mukali, akashusha mushumaa, ukawaka, akatoa kikapu kwa ndoana. Mayai mengi yalikuwa yamepasuka, mengine yalibaki mazima ndani ya pumba. Yako hapa nyumbani, juu ya meza, kila moja na maandiko yake. 29/9. 30/9. 1/10. Ile 9 yake yenye mukia murefu, unaijua. Mahoro anasema, mama, tuyapike ama tuyauzishe, yataoza. Siwezi. Siku zinapita, joto la manjanja linayala, na mimi nayapangusa kila asubuhi na kitambaa kikavu. Yeye aliyekuwa anachunga hewa ya mayai, mimi nikamutuma mahali ambapo hewa haiko. Nikifika hapo akili yangu inasimama, siendelei.

Ulinipa mutoto huyu kwa sababu hapa kuna masomo na kule kambini watoto wanajazana mia moja chumba kimoja. Ulimufunga nywele mwenyewe siku ile Bunagana, ukaniambia, «Dada, anaogopa mbwa, usimuache peke yake na mbwa.» Mbwa nilimuchungia.

Kama utakuja kumuchukua, sitakuzuia. Kama utasema maneno mbele ya ndugu wote, nitanyamaza. Ninachoogopa si hayo. Ninaogopa kwamba mutoto yuko pale ndani na anakumbuka nilivyomujibu.

Naacha hapa kwa leo. Mahoro ametoka hospitali, ni zamu yangu.

Jumatano, tarehe 15

Léonie, nimerudi sasa hivi. Naandika mbio mbele ya Papa Télesphore kupita kuchukua barua.

Leo asubuhi, sijui kwa nini, nilichukua yai moja juu ya meza, la 1/10, nikalifunga ndani ya kitambaa, nikaliweka kifuani. Pengine sikutaka yote yabaki nyumbani peke yao. Nilipofika nilimuosha uso, nikamukalisha, uji ukakataa kupoa. Nikatoa lile yai. Nikamuwekea ndani ya mukono wake, nikamukunjia vidole. Nilifanya ovyo tu, kama kawaida yangu. Ncha ilikuwa juu.

Alikaa. Mimi nikageuka kukoroga uji.

Nilipoangalia tena, vidole vilikuwa vinatembea. Polepole, Léonie, polepole kama mutu anayetafuta kitu gizani. Kidole gumba kilipita juu ya ncha, kikasimama. Halafu akaligeuza. Nilishika pumzi. Akaligeuza lote, mpaka ncha ikaangalia chini, akalishika vile, akalisimamisha juu ya goti lake.

Nilimuita muganga kwa kelele. Alipokuja, nikalichukua yai, nikalirudisha vibaya tena kwa kusudi, ncha juu. Akaligeuza tena. Na mara hii, nakuapia, alikunja uso. Ule uso wake wa kunigombeza. Hajasema. Macho yalirudi kwa ukuta baadaye. Lakini muganga aliandika kwa karatasi yake, akaniambia, mama, huyu mutoto hajaenda mbali. Mumuite. Muendelee kumuita.

Basi nakuomba neno moja, na baada ya hilo unihukumu unavyotaka.

Jumapili hii ukipiga simu kwa ile saa yako ya kawaida, itaita mara moja tu, nitaifungua. Lakini mimi sitakuwa kwenye simu. Nitakuwa nimeiweka sikioni mwake. Usinisalimie. Usiulize dada yuko wapi. Usilie kwanza, jikaze, utalia nikiichukua. Muite kwa jina lake lile lako. Muambie habari za mahindi, za baba yake, mucheke kwa sauti yake ya bata kama ulivyocheka siku ile. Sema naye mpaka pesa za simu ziishe. Mimi nitakuwa naangalia vidole vyake.

Msalimie sana Papa Charline, umuambie wewe mwenyewe kwa namna unayoijua, usimusomee barua yote mara moja. Wasalimie watoto wadogo wote, na jirani mwenye simu, Mungu amubariki kwa hiyo simu yake. Mahoro anawasalimia, anasema anamusuka Charline kila siku mbili. Mama Kasoki naye anakusalimia ingawa hakujui. Anasema akuone siku moja, akupikie chapati. Aubin anakusalimia pia.

Mungu aliyempa mutoto pumzi mara ya kwanza asichoke kumupa. Akuchunge njiani kama utaamua kuja, na akupe nguvu ya kushika simu Jumapili.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata siku hizi ambapo sitakuomba unipende,

Mukashyaka